Sekunde Saba za Mtani

Saa nane na robo mchana Ntandu aliingia ofisini bila kumtukana Sikudhani, na hapo hapo Sikudhani akajua kuna jambo.

Miaka kumi na moja walikuwa wamekaa meza mbili zinazotazamana katika Ofisi ya Chujio ya mji wa Mbugani Mpya, na haikupita siku Ntandu hajamsalimu kwa tusi. “Wewe chura, bado hujarudi bwawani?” Naye humjibu, “Nirudi vipi na bwawa lenyewe umelinywa, mla vumbi mkubwa wewe!” Ndiyo hujambo yao hiyo. Ntandu ni Mmbuga, mwenyeji. Sikudhani ni Mdelta, mtoto wa wale waliopanda huku bara pale bahari ilipomeza vijiji vyao miaka thelathini iliyopita. Siku ile ya kupokelewa, wazee wa pande mbili walishindana siku nzima juu ya mipaka ya mashamba wasielewane, lakini utani waliufunga kabla chai haijapoa. Mtatuita vyura, tutawaita wala vumbi, hakuna kununa, na mtu akifa mtani ndiye atakayechimba kaburi.

“Funga mlango, Sikudhani,” Ntandu alisema.

Jina lake! Aliufunga mlango.

“Shemeji yangu kapewa kipande cha bomba. Cha chuma, urefu wa mkono. Wamegawiwa watu kama mia mbili. Kaniambia, leo ikifika saa kumi na moja usikanyage Mtaa wa Madimbwi. Nikamuuliza kuna nini huko, akacheka. Akasema, si utani tu, shemeji.”

Mtaa wa Madimbwi ndiko wanakokaa Wadelta. Ndiko aliko mama yake Sikudhani, Bi Kidawa, na nusu ya ukoo wake.

“Ni Kidanka,” Sikudhani alisema.

“Nani mwingine?”

Kidanka alikuwa mwalimu wa historia, mtu mpole wa sura, sauti yake laini. Kwa miezi minne sasa alikuwa akisimama uwanjani kila Ijumaa kuzungumza na Wambuga wenzake, na katika miezi hiyo minne hakutamka hata neno moja ambalo mtambo ulilihesabu kuwa chuki. Anatania tu. “Jamani, chura akikosa maji hufanyaje?” Wadelta nao, kwa kuwa mtani haachwi aseme peke yake, hubaki uwanjani wamjibu: “Hunywa machozi ya mla vumbi!” Watu hoi kwa kucheka. Ijumaa iliyopita aliuliza, “Na nani hapa ana funguo za koki?” Wadelta wakamjibu, watu wakacheka. Jumamosi asubuhi mabomba matatu ya Madimbwi yalikuwa yamekatwa, na mzee Athumani aliyetoka na ndoo yake kuuliza kulikoni alipigwa mpaka akafa. Polisi walifungua rekodi ya mkutano, wakaona taa ya kijani mwanzo mpaka mwisho. “Ulikuwa utani,” wakasema, na wakaandika hivyo hivyo.

Pengine wewe hujawahi kusimama kwenye uwanja wenye nguzo, ngoja nikueleze. Pale Mbugani Mpya zipo kumi na mbili, ndefu, za rangi ya majivu, zimeuzunguka uwanja wa mikutano. Kila mwenye mdomo ana haki ya kusema pale, awe nani, na hakuna kibali kinachoombwa. Lakini nguzo zinasikiliza. Neno la kuchochea damu likitoka, nguzo hutoa wimbi pinzani, wimbi la sauti lililogeuzwa, nalo hukutana na sauti ya msemaji hewani na kuifuta. Masikio yanaziba, taa inageuka nyekundu, na mtu anabaki anachezesha midomo. Aliyesimama umbali wa mkono mmoja tu ndiye atakayemsikia.

Sasa mtambo kama huo utaufundishaje utani? Mwanzoni haukufundishwa. Siku baba yake Sikudhani alipozikwa, watani walikuja na majembe yao wakipiga kelele kama ilivyo desturi, “Mnazika nini hapa? Chura huyu katoroka, leteni kisu tumchune!” Makaburini nako zilikuwepo nguzo siku hizo, zikazimeza sauti zao. Watu sita wakakamatwa na majembe mikononi. Marehemu akazikwa kimya, na wapita njia, na Bi Kidawa hakulia siku ile, alikaa tu anatazama chini. Sikudhani aliapa mbele ya mama yake kwamba jambo hilo halitatokea tena. Akasoma, akaingia ofisi hii, akaandika Kifungu cha Tisa kwa mkono wake mwenyewe.

Kifungu ni chepesi. Tusi la mtani hupita, liwe kali namna gani, ilimradi waliotukanwa wajibu ndani ya sekunde saba. Jibu ndilo kipimo. Wakijibu, ni utani. Wasipojibu, basi utani umevunjika, na kifungu kinajifunga kwa siku nzima, kila tusi linamezwa, kwa pande zote mbili, maana utani hauna upande mmoja. Hiyo sentensi ya mwisho aliiongeza kwa kukamilisha tu. Nani alidhani mtani atanuna?

Ntandu alikuwa akimtania kwa hilo miaka yote. “Sikudhani hukudhani.” Leo hakusema.

*

Mkurugenzi wa ofisi, Bi Eliwaza, alikuwa mbele ya kioo kikubwa cha ukutani akiutazama uwanja. Hakugeuka Sikudhani na Ntandu walipoingia.

“Najua ulichokuja kuniomba, na sitakupa.”

“Mkurugenzi, watu mia mbili wana mabomba ya chuma.”

“Umewapigia polisi?”

“Nimewapigia. Wanasema taa ni ya kijani. Sheria haiwaruhusu kugusa mkutano wenye taa ya kijani.”

“Sheria hiyo tuliidai sisi, barabarani, mimi nikiwa na miaka ishirini na sita.” Bi Eliwaza aligeuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mvi zimeanza, macho hayakwepi. “Unajua kabla ya hapo kulikuwa na nini katika chumba hiki? Kulikuwa na kitufe. Mtu mmoja anaandika jina lako, anabonyeza, kwisha. Mimi nilizimwa miezi kumi na minane kwa kusema chakula cha msaada kinaibwa. Kila nilipopita penye nguzo, sina sauti. Siku moja nikamuona mwanangu anavuka barabara na lori linakuja. Nilimwita, Sikudhani. Nilimwita kwa nguvu zangu zote.”

Aliutupia uwanja jicho.

“Dereva alimkwepa. Lakini mwanangu hakunisikia. Sasa usije kuniomba nimzime mtu mmoja. Hata akiwa Kidanka. Nikimzima Kidanka leo, kitufe kimerudi, na mwenye kukalia kiti hiki baada yangu hutamchagua wewe.”

“Kwa hiyo watu wetu wafe kwa sababu ya mwanao aliyepona?”

Neno lilimtoka tu. Bi Eliwaza hakukasirika, na hilo likamuumiza Sikudhani zaidi.

“Wewe ndiye mtunzi wa Kifungu cha Tisa, ufunguo wake unao wewe. Unaweza kukifuta. Kwa wote, siyo kwa mmoja, sheria inakuruhusu. Lakini kwanza tazama pale.”

Kwenye kioo, mama yake Sikudhani alikuwa amesimama juu ya kreti katikati ya uwanja, ndoo tupu kichwani. Nyuma yake wanawake wa Madimbwi kama mia tatu, kila mmoja na ndoo yake. Ilikuwa zamu yao mpaka saa kumi. Ng’ambo, kwenye roshani ya jengo la maji, Mkuu wa Maji, Mmbuga mwenye kitambi, alikuwa ameegemea chuma anatokwa jasho.

“Wewe mla vumbi!” sauti ya Bi Kidawa ilijaa chumbani. “Tumbo hilo ndilo bwawa letu! Tutakutoboa hapo kitovuni, tukinge ndoo!”

“Mnitoboe na nini, nyie vyura msio na meno?” Mkuu wa Maji alijibu, maana angefanyaje, ni mtani, na mji mzima unamtazama. “Haya basi, nitawafungulia bomba moja mlowe!”

“Moja? Moja utanawia uso! Tunataka yote matatu!”

“Mawili, na muondoke na makelele yenu!”

Wanawake walipiga vigelegele. Taa ya kijani. Wiki nzima walipeleka barua kwa heshima zote, hazikujibiwa. Kwa nusu saa ya matusi walishapata mabomba mawili.

“Futa kifungu sasa hivi,” Bi Eliwaza alisema, “na wa kwanza kumezwa ni mama yako. ‘Tutakutoboa.’ Polisi watamshusha pale juu na ndoo yake. Ngoja mpaka Kidanka apande ndipo ufute, na Wambuga watasema Mdelta wa ofisini kamziba Mmbuga. Kesho mabomba ya chuma yatakuwa elfu, na wenye nayo watakuwa na la kulalamikia. Mimi sikuambii ufanye lipi. Nakuambia hakuna jema hapo.”

Sikudhani alitaka kulia, akakosa hata nafasi ya kulia. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika hamsini.

Ntandu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alikohoa. “Kuna zile sekunde saba.”

Walimtazama.

“Kidanka anapita kwa sababu wanamjibu. Wasipomjibu, chujio litammeza lenyewe. Hakuna aliyebonyeza kitu. Taa nyekundu, polisi wanakwenda Madimbwi.” Alilisema neno kwa neno, bila kupenda. “Lakini itabidi wanune. Hadharani.”

“Haijawahi kutokea,” Bi Eliwaza alisema.

“Haijawahi.”

“Na kitakachofuata mnakijua?”

Sikudhani alikuwa ameshageukia mlango. Simu huachwa langoni mwa uwanja, ndiyo sheria, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kumpigia mama yake. Alivua viatu vyake vya kisigino akavitupa chini ya meza, akatoka mbio.

*

Alipofika, zamu ilikuwa imeshabadilika. Kidanka alikuwa juu ya jukwaa, amefunga mikono mgongoni kama mwalimu anayesubiri darasa litulie. Wambuga walikuwa wamejaa upande wa magharibi, na katikati yao Sikudhani aliona wanaume wengi waliovaa makoti. Joto lote lile, na makoti! Ntandu alimpita mbio akaenda kusimama upande wa kwao.

“Watani zangu!” Kidanka aliita kwa upole. “Nasikia mmepata mabomba mawili. Hongereni. Chura akipewa bomba hufanyaje?”

“Humwogesha mla vumbi!” wanawake mia tatu walijibu, na sauti ya mbele kabisa ilikuwa ya Bi Kidawa. Vicheko. Taa ya kijani.

Sikudhani alijipenyeza kati ya ndoo na mabega. “Pisha, mama. Samahani, shangazi. Nipishe!” Alimfikia mama yake huku akihema.

“Alaa! Na wewe umetoroka kazini?” Bi Kidawa alikuwa na furaha usoni ambayo Sikudhani hakuwa ameiona tangu msiba wa mzee Athumani. “Umemsikia yule bwana kitambi? Mawili! Jumatatu tunarudi kudai la tatu.”

“Mama, usimjibu Kidanka.”

“Eti?”

“Akiuliza tena, usimjibu. Wewe ukinyamaza, wote watanyamaza. Nakuomba, mama. Wale wenye makoti wana mabomba ya chuma. Wanasubiri neno lake waende Madimbwi. Kama walivyomfanya mzee Athumani.”

Furaha ilimtoka Bi Kidawa, lakini siyo kwa mshangao. Sikudhani akaelewa kwamba mama yake alikuwa anajua, pengine siku nyingi.

“Wewe unadhani namjibu kwa kuwa nafurahi?” mama yake alisema. “Yule anataka iwe vita. Mimi nikimjibu, unabaki utani. Unanisikia? Kila Ijumaa namrudisha kwenye utani kwa mdomo wangu huu. Wambuga wale wote wakicheka nami, hawawezi kunyanyua mkono. Nikinyamaza ndiyo nimemkubalia.”

“Ulimjibu Ijumaa iliyopita, mama. Mzee Athumani akafa Jumamosi.”

Bi Kidawa alifumba macho. “Usiniambie hivyo.”

“Sasa hivi jibu lako ndilo linalompitisha. Mimi ndiye niliyeandika. Mama, kosa ni langu, unisamehe, lakini usimjibu.”

“Hakuna Mdelta aliyewahi kumnunia mtani. Siwi mimi wa kwanza.”

Na Kidanka akainua mkono. Uwanja ukatulia.

“Watani zangu,” alisema, taratibu, kila neno peke yake. “Leo bwawa tunalikausha?”

Wenye makoti waliinua vichwa. Bi Kidawa alivuta pumzi, kifua kikajaa, na ndoo mia tatu zikainuka zikimsubiri yeye aanze.

Sikudhani alimziba mama yake mdomo.

Kwa kiganja chake, kwa nguvu, na mkono wa pili ukishika kisogo, kama unavyomziba mtoto. Ndoo ilianguka ikabingirika. Moja. Alihisi midomo ya mama yake ikisukuma kiganja. Mbili. Macho yale mawili yakimtazama kwa karibu hivyo, Mungu wangu! Tatu. Wanawake waliokuwa karibu waliona, wakabaki midomo wazi, na wa nyuma wakasubiri wa mbele. Nne. Mtu mmoja mbali huko alianza, “Hu...” akajikuta yuko peke yake, akaacha. Tano. Sita. Meno ya mama yake yaligusa kiganja lakini hayakuuma.

Saba.

Masikio yaliziba. Taa kumi na mbili zikawa nyekundu kwa pamoja, jambo ambalo watoto wengi wa mji ule hawakuwa wamelishuhudia maishani mwao. Kidanka aliendelea kuchezesha midomo, akanyoosha mkono kuelekea Madimbwi, lakini neno walilokuwa wanalisubiri halikuwafikia. Wenye makoti waliangaliana. Magari ya polisi yaliyokuwa yamekaa kivulini tangu mchana yaliwasha injini, yakaenda kupanga mstari mbele ya barabara ya Madimbwi. Mmoja wa wenye makoti aliinama akaacha kitu kwenye nyasi, akaondoka akiwa amekunja mikono. Halafu mwingine, na mwingine.

Wamepona, Sikudhani aliwaza. Leo wamepona.

Ng’ambo, Mkuu wa Maji alikuwa bado rohoni mwake mtani. Alielekeza kidole kwa wanawake, akasema kitu, pengine tusi zuri tu, na hakuna aliyelisikia. Aliitazama taa nyekundu. Aliwatazama wanawake mia tatu waliokaa kimya mbele ya Mmbuga. Akarekebisha shati lake, akaingia ndani, akafunga mlango wa roshani. Mabomba mawili yakaondoka naye.

Sikudhani aliutoa mkono wake. Kwa umbali ule, wangeweza kusikiana.

“Mama.”

Bi Kidawa alijifuta mdomo kwa upindo wa khanga. Hakupiga kelele, na hata angepiga ingefaa nini.

“Baba yako alizibiwa watani wake,” alisema. “Walioziba ni watu nisiowajua, nikasema basi, ni serikali. Mimi umeniziba wewe.” Aliokota ndoo yake, akaitazama ndani kana kwamba kungekuwa na kitu. “Utani umekufa leo, na nimeuona ukifa. Nambie sasa, nikifa mimi, nani atanizika?”

Sikudhani alitaka kumwambia, uko hai, mama, ndilo nililolitaka, uko hai tu. Lakini alimwona mtu anakuja kutoka upande wa magharibi, peke yake, akiukata uwanja mtupu kati ya Wambuga na Wadelta, na wenzake wanamtupia maneno ya kimya mgongoni. Mmoja alimtupia jiwe, likamkosa.

Alikuwa Ntandu. Alikuja mpaka akasimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Bi Kidawa, pale sauti inapofika, akajilazimisha kutabasamu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Sikudhani hakuwahi kumpenda mtani wake kama alivyompenda dakika ile.

“Wewe chura mzee,” Ntandu alisema. “Usiwe na wasiwasi. Kaburi lako nimeshalichimba mimi.”

Ilikuwa zamu yake kujibu. Majibu yalikuwepo elfu, Bi Kidawa aliyajua yote, mengine aliyatunga yeye. Sikudhani alimtazama mama yake akimbembeleza kwa macho, jibu, mama, sasa jibu.

Bi Kidawa alimtazama Ntandu usoni, halafu akaitazama mikono ya mtani huyo, kuona kama imeshika kitu.

“Mwanangu,” alimuuliza, “huo ni utani, au unasema kweli?”

Miaka thelathini, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mtani swali hilo. Tabasamu la Ntandu lilibaki pale lilipokuwa. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na Sikudhani akajikuta anahesabu.